Kisa cha barafu ya Kibo: tarakimu moja, sababu mbili, na maji yanayotoka kwingine

Mwaka 1912 mwanajiografia Mjerumani Fritz Klute alipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, pamoja na Eduard Oehler, akapiga picha za barafu ili ichorwe ramani. Ramani hiyo ndiyo msingi wa karibu kila hesabu iliyofuata. Barafu iliyochorwa humo ilipopimwa ilikuwa takriban kilomita za mraba 12.1. Mwaka 1953 zilibaki 6.7, mwaka 1976 zikawa 4.2, mwaka 1989 zikawa 3.3, mwaka 2003 zikawa 2.5, na mwaka 2011 ikabaki 1.76. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kilichosalia juu ya mlima wote kilikaribia kilomita moja tu ya mraba, tena vipande vipande.

Mwelekeo wa mfululizo huo haubishaniwi na mtaalamu yeyote. Kinachobishaniwa tangu 2002 ni mambo matatu ambayo magazeti, na hata vitabu vya shule, huyafunga katika fungu moja: barafu inapotea kwa sababu gani, itakwisha lini, na ikiisha nani atakosa maji. Kila swali lina vipimo vyake. Jibu la la kwanza halikupi jibu la la tatu, na kosa kubwa katika kisa hiki limekuwa kudhani kwamba linakupa.

Utabiri wa 2002

Mwanzoni mwa 2000 timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilichimba nguzo sita nyembamba za barafu kileleni. Ndefu kuliko zote ilifika mita 50.9, kutoka Uwanda wa Barafu wa Kaskazini. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2002, na sentensi iliyosafiri dunia nzima ni ile iliyosema kwamba, hali ikiendelea vilevile, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020.

Miaka hiyo imepita na barafu ipo. Haifai kuishia kusema walikosea. Tazama mstari wao ulivyojengwa. Chukua tarakimu za hapo juu ugawe kwa miaka: kati ya 1912 na 1953 mlima ulipoteza takriban hekta 13 kwa mwaka, 1953 hadi 1976, hekta 11, 1976 hadi 1989, hekta 7, 1989 hadi 2003, hekta 6, 2003 hadi 2011, hekta 9. Sasa chukua eneo la mwaka 2000, kilomita za mraba 2.6, ulipeleke mbele kwa wastani wa 1912 hadi 2000, yaani hekta 10.8 kwa mwaka. Unapata mwisho karibu na 2024. Tumia kasi ya 1989 hadi 2000 peke yake na mwisho unasogea hadi takriban 2041. Data ni zilezile, mlima ni uleule, na tofauti ni miaka 17 kwa sababu tu ya mahali ulipoanzia rula yako.

Ukigeuza hekta kuwa asilimia, picha inapinduka tena. Katika kipindi cha kwanza barafu ilipungua kwa takriban asilimia 1.1 ya eneo lake kila mwaka. Kati ya 2003 na 2011 ilipungua kwa karibu asilimia 3.7. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kweli kwamba kasi imepungua, na mwingine akasema kweli kwamba imeongezeka. Andiko lolote lisilotaja kipimo cha kasi yake lirudishwe kwa mwandishi.

Lipo pia tatizo la kimaumbile. Eneo si ujazo. Kipande cha barafu chenye unene wa mita 40 juu ya uwanda tambarare kinaweza kukonda kwa miaka mingi huku mpaka wake ukisogea kidogo sana, kisha kikatoweka kwa ghafla unene ukiisha. Mstari ulionyooka hauwezi kuiona tabia hiyo.

Joto au ukame?

Mwaka 2004 Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, pamoja na wenzake akiwemo Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, walichapisha hoja iliyowasumbua wengi. Walisema kwamba sehemu kubwa ya kupungua kwa barafu ilianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu, na kwamba kupanda kwa joto la hewa kileleni si maelezo ya kutosha. Ziwa Victoria nalo lilishuka sana baada ya takriban 1880, ushahidi kwamba mvua za eneo zima zilipungua. Zirudie hekta ulizohesabu: hasara kubwa kuliko zote ni ya kabla ya 1953, wakati ongezeko la joto duniani lilikuwa bado dogo.

Hoja hii inasimama juu ya fizikia. Kwenye urefu wa karibu mita 5,800 wastani wa joto la hewa ni takriban nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika hali hiyo, hewa ikiwa kavu na jua kali, barafu nyingi haiyeyuki kuwa maji. Inageuka mvuke moja kwa moja, kama nguo iliyoganda inavyokauka bila kudondosha tone. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji takriban kilojuli 334, ilhali kuigeuza mvuke moja kwa moja kunahitaji takriban kilojuli 2,830, mara nane na nusu zaidi.

Chukua ziada ya nishati ya wati 30 kwa kila mita ya mraba, mwaka mzima. Ikitumika kuyeyusha, inaondoa barafu yenye maji ya kina cha mita 2.8. Ikitumika kugeuza mvuke, inaondoa sentimita 33 tu. Ndiyo sababu barafu iliyo karibu na ikweta imedumu muda mrefu hivi, na ndiyo sababu kigezo cha kuyeyuka peke yake hakitoshi kuieleza.

Ukame unaingiaje basi? Kwa njia mbili. Theluji pungufu ni mapato pungufu, hilo ni wazi. La pili lina nguvu zaidi, nalo ni rangi. Theluji mpya hurudisha angani karibu asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Barafu ya zamani yenye vumbi inaweza kurudisha nusu au chini ya hapo. Kama wastani wa mwanga unaofika ni wati 300 kwa mita ya mraba, uso unaorudisha asilimia 80 unameza wati 60, na unaorudisha asilimia 50 unameza 150. Hewa haijapata joto hata nusu nyuzi, lakini barafu imeongezewa wati 90. Masika yakikosa theluji, au vuli ikichelewa kwa wiki chache, barafu inakaa uchi chini ya jua, na hasara ya muda huo haifidiwi na theluji itakayokuja baadaye.

Kisha kuna kuta. Juu ya uwanda wa Kibo barafu haiishii kwa mteremko. Inaishia kwa ukuta wima, mara nyingi wenye urefu wa mita 15 hadi 40. Kuta zilizodumu nyingi zinaelekea kaskazini au kusini. Kilimanjaro iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linaupiga ukuta wa kusini kuanzia karibu Oktoba hadi katikati ya Machi, na wa kaskazini miezi iliyosalia. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi ungepigwa kila siku ya mwaka, ndiyo maana haudumu. Mchana usio na upepo uso wa ukuta unafika nyuzi sifuri na kudondosha maji hata hewa jirani ikiwa chini ya sifuri. Theluji haishiki ukutani, na barafu ya uwandani, nyembamba na iliyokaa karibu tambarare, haitiririki mbele kufidia. Ukuta ukishajitokeza, una safari moja tu, ya kurudi nyuma. Uwanda wa Kaskazini ulikonda hadi ukatoboka, na kufikia 2012 mtu aliweza kupita kwa miguu kati ya vipande vyake.

Mambo mawili yaelezwe kwa haki. Kaser na wenzake hawakukanusha mabadiliko ya tabianchi. Walisema Kibo ni shahidi mbaya wa joto la hewa la mahali hapo, na kwamba joto la dunia linaweza kufika kileleni kwa mlango wa nyuma: Bahari ya Hindi ikibadilika, njia za mvua zinabadilika, na theluji inapungua. Upande wa pili, timu ya Thompson ilirudi na hoja yake mwaka 2009. Katika sentimita 65 za juu za mojawapo ya nguzo waliona mapovu marefu, dalili kwamba uso uliyeyuka na kuganda tena, na hawakuiona hali hiyo chini zaidi katika nguzo hiyo. Hiyo ni dalili ya kuyeyuka kwa siku za karibuni ambayo hoja ya ukame haiwezi kuipuuza. Lakini ni ushahidi wa mahali ilipochimbwa nguzo, wala hauwezi kupewa mlima mzima.

Umri wa barafu nao una ugomvi wake. Thompson alikadiria miaka 11,700 kwenye kitako. Tarehe hiyo haikutokana na kuhesabu tabaka za kila mwaka hadi chini; ilipatikana kwa kulinganisha isotopi za oksijeni, yaani oksijeni nyepesi na nzito, za nguzo na zile za mawe ya pango la Soreq nchini Israel. Mwaka 2010 Kaser na wenzake walijibu kwamba barafu ya uwandani inaweza kuja na kwenda ndani ya muda mfupi zaidi, na kwa hiyo huenda uwanda umewahi kubaki bila barafu zamani. Anayesema barafu hii haijawahi kutoweka tangu kuanza kwa Holosini, kipindi cha takriban miaka 11,700 hadi leo, anaegemea ulinganifu huo mmoja.

Pale vipimo vinapoharibika

Wanafunzi wengi wa jiografia huanza kisa hiki kwa kupakua picha ya setilaiti na kuchora mpaka wa barafu. Ni mwanzo mzuri, na ni rahisi kuuharibu.

Kosa la kwanza ni theluji ya msimu. Siku mbili baada ya mvua Kibo yote ni nyeupe, na programu inayotofautisha theluji na mwamba kwa uwiano wa mawimbi ya mwanga itakupa eneo mara kadhaa ya lile halisi. Tafuta picha ya mwisho wa kiangazi, Septemba au mapema Oktoba, au ile ya kiangazi kifupi cha Januari na Februari, kisha ulinganishe na nyingine ya mwaka uleule. Weupe uliopo kwenye moja tu si barafu.

La pili ni ukubwa wa pikseli, yaani nukta moja ya picha. Kipande cha mita 400 kwa 250 kina eneo la mita za mraba 100,000 na mzingo wa mita 1,300. Kwa picha ya pikseli za mita 30, ukikosea nusu pikseli kuzunguka mpaka wote, kosa ni mita za mraba 19,500, karibu asilimia 20. Kwa picha ya nusu mita, kosa hilohilo ni takriban mita za mraba 325. Uwanda mkubwa wa zamani uliweza kupimwa kwa picha hizo za mita 30, za setilaiti za Landsat, bila aibu. Mabaki ya leo hayawezi. Kuta nazo hutupa vivuli vinavyofanana na mwamba, na picha inayopigwa jua likiwa upande inakata sehemu ya barafu iliyopo.

La tatu ni ramani ya mwanzo. Nicolas Cullen wa Chuo Kikuu cha Otago na wenzake walipopima upya eneo la 1912 walipata kilomita za mraba 11.4, si 12.1. Tofauti hiyo, hekta 70, ni kubwa kuliko kipande cha barafu kiitwacho Furtwängler na vipande vingine kadhaa vya leo vikijumlishwa. Hesabu yao ya 2013 ndiyo iliyotoa upungufu wa asilimia 85 kati ya 1912 na 2011, na ndiyo iliyosogeza mwisho: barafu nyingi kutoweka kufikia takriban 2040, na uwezekano mdogo sana wa kubaki chochote baada ya 2060.

Vituo vya hali ya hewa kileleni vina maradhi mengine. Hardy aliweka kituo kinachojiendesha kwenye Uwanda wa Kaskazini mwaka 2000, na timu ya Innsbruck ikaongeza kingine kwenye barafu ya Kersten mwaka 2005. Hewa ya huko ina kanieneo karibu nusu ya ile ya pwani, hivyo hupoza kihisi kwa shida. Mwanga unaoruka kutoka kwenye theluji huingia chini ya kinga ya kipimajoto, na mchana wa upepo hafifu kipimo kinasoma joto lisilokuwepo. Dawa ni kinga yenye feni, ikiwa betri itaibeba, au kuzitenga data za upepo hafifu. Nguzo inayobeba vifaa, iliyochomekwa kwenye barafu, inainama barafu inapokonda, na kipimo cha jua kilichoinama nyuzi chache hakifai. Theluji haipimwi kwa ndoo ya mvua. Hupimwa kwa kifaa cha mwangwi kinachosoma umbali hadi chini. Kifaa hicho kinatoa kimo, hakitoi uzito, kwa hiyo lazima mtu achimbe shimo na kupima theluji ina uzito gani kwa ujazo. Asipofanya hivyo, sentimita 20 za theluji laini na sentimita 20 za theluji iliyoshindiliwa zinaingia kwenye hesabu kama kitu kimoja.

Mteremko mzima nao unahitaji macho. Tangu 2004 Nick Pepin, mwanajiografia wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, na wenzake waliweka vihisi vidogo vya joto na unyevu katika miinuko kumi, kutoka takriban mita 1,890 hadi kileleni. Vilionyesha jambo ambalo kituo kimoja hakiwezi kulionyesha: mchana upepo wa mlimani unabeba unyevu wa msituni kuupeleka juu. Hapo swali likazuka kama kukata misitu kunaikausha barafu. Thomas Mölg na wenzake walilipima kwa modeli mwaka 2012, na jibu likawa kwamba mchango wa mabadiliko ya ardhi katika kupotea kwa barafu ni mdogo. Hoja ya “pandeni miti ili theluji irudi” haina msingi. Sababu ya kuupenda msitu wa Kilimanjaro ni nyingine, nayo ni kubwa zaidi.

Maji ya mifereji

Mara nyingi husemwa kwamba barafu ikiisha mifereji ya Wachaga itakauka. Fanya hesabu. Chukua kilomita za mraba 2.6 za mwaka 2000 na hasara ya sentimita 40 za maji kwa mwaka, hata kama yote yangetiririka: ni mita za ujazo milioni moja hivi. Tena sehemu kubwa haitiririki, inakwenda hewani kama mvuke. Msitu una takriban kilomita za mraba 1,000, na mteremko wa kusini kwenye urefu wa karibu mita 2,200 hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka. Hata ukiuwekea msitu wote wastani wa milimita 2,000, na nusu ikanyonywa na miti na jua, unabaki na mita za ujazo bilioni moja. Barafu ni sehemu moja ya elfu.

Ndiyo maana kazi ya Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, ilistahili kelele kuliko zilizopigwa kwa ajili ya theluji. Mwaka 2005 alionyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, hasa ukanda wa miti ya erika juu ya mita 3,000. Ukanda huo hukamua maji kutoka kwenye ukungu: matone hushika kwenye majani membamba na nyuzi za kuvumwani zinazoning'inia, kisha hudondoka. Tangu 1976 ziliungua kilomita za mraba zipatazo 150, na Hemp alikadiria kwamba maji ya ukungu yaliyopotea ni mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka, mara ishirini ya ile milioni moja ya barafu. Moto wenyewe huanzishwa na watu, wakiwemo warina asali wanaotumia moshi, lakini ni ukavu unaougeuza mwenge kuwa moto wa wiki nzima, kama ilivyotokea Oktoba 2020.

Anayetaka kukipima kiasi hicho aweke kipimamvua cha kawaida na kando yake kingine chenye silinda ya wavu juu. Tofauti ya viwili hivyo ni ukungu, lakini si wote. Mvua inayosukumwa na upepo huingia wavuni kwa ubavu na kuhesabiwa kama ukungu, hivyo siku za mvua yenye upepo zitolewe au zirekebishwe kwa data za kipimaupepo. Wavu pia si mti: unatoa kipimo cha kulinganisha mahali na mahali. Kujua kilichofika ardhini weka mifereji ya bati chini ya miti yenyewe, angalau kumi kwa kila kiwanja, kwa sababu tawi moja hudondosha mara tano ya jirani yake.

Na anayetaka kujua chemchemi ya kijiji fulani inakunywa wapi achukue sampuli za isotopi. Mvua ya juu ina oksijeni nzito pungufu kuliko ya chini, kwa hiyo maji hubeba alama ya mwinuko yalikonyesha. Chupa ya mililita 30 hadi 60 ijazwe hadi mdomoni chini ya uso wa maji na kufungwa humohumo bila povu la hewa. Nafasi ndogo tu ya hewa inaruhusu mvuke, na mvuke hufuta alama unayoitafuta. Rudia masika, kiangazi na vuli. Sampuli za mvua zikusanywe katika miinuko mitano au sita ya mteremko uleule, maana bila mstari huo wa rejea namba ya chemchemi haisomeki. Zianzie vihambani, yaani kwenye mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba, zipite msituni, na ile ya juu kabisa iwekwe kwenye erika, pale kipimo cha ukungu kinapokaa.